Koti Linalokungoja kwa Mama Byamungu

Ombeni, mwanangu,

Barua hii umeikuta ndani ya kiatu chako, na najua umeshanuna. Nuna tu. Ningeiweka kwenye begi usingeifungua mpaka Kalemie, na huko ingekuwa imenichachia. Kaa hapo mlangoni uisome kabla hujavaa. Boti haiondoki Kalundu mpaka ijae watu na magunia, weye mwenyewe unajua, basi usinisingizie haraka.

Habari za dawa, za pesa ya kufunga kiunoni, za kumsaidia mke wa mjomba wako kuteka maji bila kungoja kutumwa, hizo sirudii. Nimezisema wiki nzima, na weye umenijibu "ndiyo mama, ndiyo mama" kama mtu anayefukuza nzi. Leo nina jambo moja tu.

Ulirudi jioni umenyolewa vizuri, kichwa kinang'aa, ukaanza kunihesabia watu uliowaaga. Watu wa kwaya. Mwalimu wako wa zamani. Vijana wa moto, wale wa pikipiki pale njia panda. Hata yule mama wa mandazi anayekuita mkwe wake. Mimi nilikuwa nakaanga mikeke yako ya njiani. Nikakuuliza, "Wote?" Ukasema, "Wote, mama." Ukachukua ndoo ukaenda kuoga. Nilipogeuza samaki nikakuta wameungua upande mmoja, na wewe ukila kesho uwalaumu wenyewe, usinilaumu mimi.

Nyumba ya Mama Byamungu ukitupa jiwe kutoka kwetu linafika. Mbona hujafika weye?

Ningekuuliza kwa mdomo, lakini tukianza jambo hili minye na weye tunapandishana, majirani wanatoka nje kusikiliza, na mwishowe unaondoka na mimi nabaki nazungumza na sufuria. Ndiyo maana nimeomba karatasi kwa mtoto wa jirani.

Wacha nianze na siku ile, kwa sababu hatujawahi kuisema mimi na wewe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wewe unajua upande wako, mimi najua wangu.

Mlikuwa na haki ya kuandamana. Nataka hilo ulisikie kwangu. Watu wenye bunduki walikuwa wanaingia nyumba baada ya nyumba, huku Mulongwe, kule Kilibula, na wengine wao walikuwa wamevaa nusu ya magwanda, juu raia, chini askari. Nani alikuwa analala? Tulilala na viatu. Mkachukua shuka mkaandika TUNATAKA KULALA, mkaenda nalo meri, ofisini kwa meya. Shuka lenyewe lilikuwa langu, lile la maua, ulilichukua bila kuniomba. Nilikasirika asubuhi nzima kwa ajili ya shuka. Ona mambo ambayo mtu anakasirikia asubuhi, kabla hajajua mchana una nini.

Risasi zilipopigwa tulikuwa ku robine, pale bombani, wanawake wengi, tumepanga mabidoni ya maji. Kila mtu akainama nyuma ya ukuta wa kanisa. Baadaye kidogo akaja mama mmoja anakimbia, kilemba mkononi, anasema polisi wamepiga watu, mmoja amekufa kwenye barabara ya meri, ni kijana.

Mwanangu, moyo wangu ulikuita weye. Na unajua mdomo wangu ulisema nini? Mdomo wangu ulisema, "Afe! Nani aliwatuma? Aliyetafuta risasi ameipata."

Niliongea kwa sauti, mbele ya wanawake wote. Wengine waliitikia, "Ni kweli kabisa, watoto wa siku hizi hawasikii." Tukaongea hivyo, tumeinama nyuma ya ukuta, mama wa watoto, tukiwalaani watoto kwa sababu tulikuwa tunaogopa watu wa bunduki na hatukuwa na pa kuwalaania. Na nyuma yangu, bidoni lake likigusa mguu wangu, alikuwa Mama Byamungu. Akasema taratibu tu, "Mama Ombeni, si watoto wetu wameenda pamoja?"

Ndipo yule mama mwenye kilemba akamtazama, akatuangalia sisi, akaanza kulia. Hakuhitaji kutaja jina.

Ulimi hauna mfupa, wanasema. Ningekuwa na uwezo ningeukata wangu palepale nikauacha ku robine. Sikuwa na uwezo. Nilichoweza ni kuacha mabidoni, langu na lake, nikamshika mkono tukakimbia.

Tulidhani tutamkuta barabarani. Hatukumkuta. Nyinyi vijana mlikuwa mmeshambeba, mmemlaza juu ya mlango mliong'oa kwenye kibanda fulani, mnamzungusha mjini. Tulifika sokoni, wakatuambia wamepita. Tulifika mbele ya shule, wakatuambia wameelekea Kilibula. Mama anatafuta maiti ya mtoto wake kwa kuulizia njiani kama anayetafuta mbuzi aliyekatika kamba! Jua lilikuwa kali, kitenge chake kilikuwa kinafunguka kila mara, na mimi namfunga tena huku tunatembea.

Tuliwakuta Kilibula, kwenye kona. Watu walikuwa wengi, wanaimba. Sitasema kwamba uimbaji ule haukunigusa. Ulinigusa. Watu walikuwa wanatoka majumbani wanavua kofia, na wengine walikuwa ni wale wale walioitikia maneno yangu ku robine, sasa wanalia na kuwalaani polisi. Binadamu ni hivyo, na mimi ni mmoja wao. Mama Byamungu akapenya mpaka kwenye mlango ule. Akasema, nakumbuka maneno yake yote, "Munipatie mutoto wangu. Minye nataka kumuosha. Jua inamuchoma."

Mmoja wenu akapiga kelele, "Mama, huyu si wako tena! Ni wa kila mutu! Lazima meya amuone kwa macho yake!" Na watu wakashangilia.

Weye ulikuwa umeshika pembe ya mbele, upande wa kichwa chake. Mlikuwa mmekaribiana, mama yake na wewe, angeweza kukugusa. Alikuita, "Ombeni." Ukamtazama. Halafu ukatazama mbele, mkaendelea.

Najua ulifanya hivyo kwa nini. Rafiki yako alikuwa amekufa mikononi mwako, na ulitaka mji mzima umuone, wale waliofyatua wamuone, asifukiwe kimya kimya kama paka. Redio ilikuwa imeshaanza kusema kwamba risasi za onyo zilipigwa hewani. Hewani! Kwani Byamungu alikuwa ndege? Mimi pia nilitaka kuchukua redio ile niivunje ukutani. Hasira yenu ilikuwa ya haki, Ombeni. Lakini mama yake alikuwa anaomba kitu kidogo, na hasira ya haki ilimkanyaga ikapita.

Yaliyofuata unayajua mpaka pale mlipofika darajani. Polisi walirusha mabomu ya machozi, wakafyatua tena, mkatawanyika. Yanayofuata hapo huyajui, kwa sababu weye hukuwepo. Mimi nilikuwepo.

Tulifika moshi ukiwa bado unatembea chini chini. Daraja la Mulongwe lilikuwa tupu. Viatu vya watu vilikuwa vimejaa pale, kandambili, kofia, na shuka langu la maua. Na katikati, peke yake juu ya mlango wake, Byamungu. Mama yake alikaa chini akaweka kichwa cha mtoto mapajani na kuanza kumfuta uso kwa kitenge na mate, vile mnavyofutwa mkiwa wadogo kabla ya kuingia kanisani. Hakulia. Alikuwa anasema, "Haya, twende nyumbani. Twende nyumbani, baba."

Tulijaribu kumwinua. Wanawake wawili, macho yanawaka kwa gesi, na alikuwa amekuwa mzito. Niliita watu. Nyumba za pale zote zilikuwa na milango iliyofungwa na macho kwenye nyufa. Mji mzima ulikuwa umembeba tangu mchana, na sasa hakuna hata mmoja wa kumshika miguu.

Akaja polisi yule mrefu. Yule aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya kanisa, ambaye mke wake alikuwa ananunua samaki wadogo, ndagala, kwangu. Alikuja peke yake kutoka upande ule wa pili. Nilisimama mbele yake nikamwambia, "Weye usisogee!" Nilikuwa tayari kumng'ata. Alirudisha bunduki mgongoni, akainama, akashika miguu ya Byamungu. Mimi na mama yake tukashika mabega. Tulimbeba hivyo mpaka barabarani, tukapata pusupusu ya kubebea ndizi, mwenyewe ameikimbia. Polisi akatusukumia mpaka mwanzo wa mtaa wetu. Halafu akageuka akaenda, na hakusema hata pole.

Macho ya kwenye nyufa yaliona. Kabla hatujamaliza kumuosha, mtaa wote ulikuwa unajua kwamba maiti imeletwa na muuaji, na kwamba Mama Byamungu ameuza damu ya mwanawe. Ee Mungu wangu! Ameuza kwa nani, kwa bei gani? Watu ambao hawakufungua mlango ndio walikuwa wanajua kila kitu. Usiku huo vijana wakatupa mawe kwenye chumba cha yule polisi. Mke wake alitoka na mtoto mgongoni, na hatujawaona tena, wala yeye. Wengine wanasema alihamishwa, wengine wanasema alitoroka. Mimi sijui. Hata kama alikuwa mmoja wa waliofyatua, sijui.

Nilimuuliza Mama Byamungu siku moja tukichambua maharage. Nikamwambia, "Hukumuuliza kama ni yeye?" Akasema, "Nilimuambia neno moja tu: shika muzuri, miguu isiburute." Akaendelea kuchambua maharage.

Sasa matanga. Matanga ya mtoto aliyeuawa hivyo yangejaza mtaa. Yalikuwa matupu. Nyinyi mlikaa ng'ambo ya barabara, kwenye mawe, mmevaa vitambaa vyekundu, mkawa mnaimba nyimbo zenu kwa Byamungu na migongo mmeielekeza kwenye nyumba yake. Weye ulikuwa katikati. Nilikuletea chakula ukasema, "Siingii nyumba ambayo muuaji aliingia." Hakuingia, Ombeni. Aliishia mwanzo wa mtaa. Nilikwambia, hukutaka kusikia.

Mimi niliingia, na sasa nikwambie niliingiaje. Tulipomaliza kumuosha nilirudi kwangu, na siku mbili nilikuwa nafika mpaka kwenye uzio narudi. Kila nikitaka kuingia nasikia sauti yangu mwenyewe ku robine: afe, nani aliwatuma. Nilijiambia maneno mengi mazuri. Kwamba nisiende kumuumiza zaidi. Kwamba nikae kidogo, apoe. Kwamba nilimsaidia kumbeba, hiyo inatosha. Mtu akiwa na aibu anakuwa mwanasheria. Siku iliyofuata nikachukua makaa na samaki, nikaingia nikiwa nimetunga maneno ya kuomba msamaha, mazuri kabisa. Nikamkuta amekaa chini, shangazi yake tu karibu naye. Maneno yale sikuyasema, nikaweka makaa chini. Aliyatazama makaa. Akasema, "Washa moto, Mama Ombeni. Watu hawajakula."

Nikawasha moto. Ndiyo hivyo tu. Mpaka leo hajaniambia kama amenisamehe, na mimi sijauliza. Kuna siku ananisalimia vizuri, kuna siku ananitazama najua anasikia maneno yale. Siwezi kukudanganya kwamba ukienda atakukumbatia na mambo yataisha. Huenda asikukumbatie. Lakini nakwambia, nyumba ile ni nzito ukiwa nje yake kuliko ukiwa ndani.

Na kuna jambo ambalo hulijui. Siku ya kumaliza matanga walitandika mkeka, wakapanga nguo za marehemu, na shangazi akawa anaita majina, kila mtu anasogea kuchukua fungu lake. Suruali kwa binamu. Mashati kwa wadogo zake. Viatu vya mpira kwa kijana wa mjomba. Mwisho likabaki lile koti la jinzi.

Unalikumbuka? Swali gani hili. Mlilinunua pamoja kwenye mitumba, mkawa mnavaa kwa zamu, Jumapili hii yeye, Jumapili ile weye, na mara ngapi nimewaamua mkigombana kwamba ni zamu ya nani! Mara moja mlilivaa wawili, kila mmoja mkono wake, mkaingia kanisani hivyo, na padri akashindwa kuendelea kwa kucheka.

Shangazi akaita, "Ombeni."

Watu wakageuka kukutafuta. Akaita tena. Mimi nikaona aibu, nikasimama, nikanyoosha mikono nilipokee kwa niaba yako. Mama Byamungu akasema, "Ikala, Mama Ombeni. Koti ya mufu haibebewake mutu. Mwenyewe iko na miguu, atakuya."

Nikakaa. Wakalikunja. Lipo kwenye msumari nyuma ya mlango wake tangu siku ile. Mvua ikikatika analitoa analianika kwenye uzio lisipate ukungu, jioni analirudisha. Minye namuona. Kila mtu mtaani anamuona. Na weye unamuona, usinidanganye, kwa sababu tangu wakati huo hupiti tena mbele ya nyumba ile. Unazunguka chini, unavua viatu, unavuka mto Mulongwe kwa miguu, hata maji yakiwa makubwa na machafu, unatokea nyuma ya soko na suruali imelowa mpaka magoti. Ulidhani mama yako ni kipofu? Mtu anayekasirika hapiti majini. Anapita barabarani, anatema mate, anaendelea. Anayepita majini ni mwenye aibu. Naijua njia hiyo, nimeshaizunguka.

Kuna lingine, la zamani zaidi. Vita vile vya kwanza, watu wote walipokimbilia Burundi kupitia Kavimvira, weye ulikuwa mdogo, una homa, na mimi nilikuwa nimechoka mpaka nikakaa chini kando ya barabara nikasema sinyanyuki. Baba yako alikuwa ameshatutoka. Mama Byamungu alikuwa na mwanawe mgongoni. Alimshusha akamwambia, "Weye ni mukubwa, tembea." Hakuwa mkubwa. Alikuwa amejua kutembea juzi tu. Akakuchukua weye akakufunga mgongoni mwake. Byamungu alitembea kwa miguu yake, ameshika pindo la kitenge cha mama yake, analia njia nzima, mpaka ng'ambo. Sikukuambia zamani kwa sababu mtoto haambiwi kila mzigo. Sasa umekuwa mtu mzima, unaondoka, mzigo ni wako.

Nakutuma Kalemie kwa sababu wanasema vita vinashuka tena, na vijana wanachukuliwa, huyu apewe bunduki, yule abebe masanduku ya risasi. Sitaki upige mtu, wala upigwe. Huko pia kutakuwa na polisi na maandamano, na siku moja utatoka barabarani, najua, kwa sababu wewe ni wewe. Sikukatazi. Ila ukimbeba mtu, mbebe mpaka kwao. Na ukisikia mama yeyote anasema "afe," usimchukie haraka, huenda anaita jina la mwanawe.

Basi. Mikeke iko mafungu mawili juu ya meza. Lililofungwa na kitambaa cheupe ni lako la njiani. Lililofungwa na jani ni la Mama Byamungu, na mimi miguu inaniuma, siwezi kumpelekea. Usinitazame hivyo. Inaniuma kweli.

Nimemuona akifungua mlango wake asubuhi mapema kila siku ya Mungu, kwa hiyo hutamkuta amelala. Usitunge maneno. Ukifika useme hodi. Akikwambia kaa, kaa. Akikwambia washa moto, washa, boti ingoje.

Mungu akufikishe, mwanangu. Viatu unavyo mkononi sasa. Vivae, pita barabarani. Na usipekue begi kutafuta kitu cha kujifunika, usiku ziwani kuna baridi, najua. Nimekufungia kila kitu, lakini koti sikuweka.

Mama yako